Mafuta Hayajapata Moto

Bulugu alihamia Biharamulo akiwa mtu mzima, lakini hakuja kutafuta malisho kama Wasukuma wenzake waliofika Kaniha wakiswaga ng'ombe. Yeye aliletwa na mtambo wa kupozea nyama. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha nyama huko Mwanza, na lilipojengwa bohari la ubaridi nje kidogo ya mji wa Biharamulo, akaandikiwa barua ya uhamisho. Alipofika akapewa msaidizi, Pancras, Msubi wa Nemba, rika lake, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Wakapatana. Wake zao walilima bega kwa bega katika shamba la kijiji, na Jumapili wanaume wawili hao walikaa pamoja wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, bila kuzungumza habari za mitambo.

Vita vilipozuka, Philbert, mdogo wake Pancras, akaondoka na mgambo kwenda mpakani. Tangu siku hiyo Pancras akapunguza maneno.

Februari ya mwaka sabini na tisa, dizeli ikaadimika. Kwa siku nne jenereta likakaa kimya na bohari likabaki tupu. Siku ya tano, saa tisa alasiri, lori likaleta mapipa mawili ya dizeli, na pamoja nayo luteni mmoja kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

"Ng'ombe thelathini wanachinjwa sasa hivi. Nyama inaingia hapa jioni, msafara unaichukua keshokutwa. Washa mtambo."

Bulugu akafungua milango yote miwili ya chumba cha mtambo, akasubiri kidogo, kisha akashuka ngazi tatu hadi chini. Akaweka kiganja kwenye tumbo la kompresa, mahali mafuta ya kulainisha yanapokaa. Palikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Alijua maana yake. Mtambo ule uliibana gesi mpaka ikapata moto. Maji yaliyovutwa kutoka kijitoni yakauchukua moto huo na kwenda kuumwaga nje, yakichuruzika juu ya mbao za mnara. Mafuta yalipita kwenye beringi, yakarudi yakiwa na joto, nayo yakapozwa na maji yaleyale. Yote hayo ni sawa mtambo ukiwa unatembea. Ukisimama na kupoa, gesi hujipenyeza ndani ya mafuta na kuyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Ukiuwasha ghafla, gesi inafoka, mafuta yanageuka povu, na povu halilainishi chuma. Ndiyo sababu tumboni mwake kulikuwa na hita ndogo ya kupasha mafuta, isiyopaswa kuzimwa hata mtambo ukipumzika. Lakini jenereta lilipokaa kimya siku nne, hita nayo ilikufa.

Akapanda juu. "Jenereta tunawasha sasa, afande. Mtambo, kesho alfajiri. Mafuta hayajapata moto. Yanataka kupashwa kwa muda wa saa kumi na mbili."

"Mzee, unajua neno hujuma?"

"Nalijua."

"Basi usinilazimishe nilitumie."

Pancras naye akashuka, akashika palepale, akarudi akijifuta mkono kwenye suruali. "Tuwashe tu, Bulugu. Niliwahi kuona mtambo unawashwa hivihivi, na haukufa."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mimi niliona mmoja ukifa. Mwanza. Bosi alisema washa, nikawasha. Tulingoja beringi miezi miwili, tena wakati wa amani."

"Philbert yuko kule," Pancras akasema kwa sauti ya chini. "Unajua anakula nini?"

Bulugu akajaza dizeli kwenye tangi. Akawasha jenereta, akaiacha hita ifanye kazi yake, kisha akachomoa fyuzi tatu za mota, akazifunga kwenye leso na kuzitia mfukoni mwa shati, ili asije mtu akabonyeza swichi nyuma yake. Luteni akaandika jina lake kwenye daftari.

Nyama ikaja jua likielekea kuzama, bado ina mvuke. Bulugu akaenda mbio kwa Rozalia, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kijijini. Hakumficha kitu.

"Kwa hiyo wewe umekataa, sisi tukate," Rozalia akasema, huku tayari anafunga kanga kiunoni.

Wakaja wanawake ishirini na visu vyao. Wakachana nyama vipande virefu, wakaikausha juu ya moto wa kuni. Nyingine ikatundikwa mahali penye upepo. Lakini ile iliyolundikwa ndani ya lori chini ya turubai hawakuwahi kuifikia yote, na kulipokucha, ng'ombe wanne walikuwa wananuka. Wakafukiwa.

Usiku huohuo Bulugu na Pancras walikuwa wakisugua mabomba ya maji, maana tope la kijito lilikuwa limeyaziba nusu. Pancras alisugua akiwa amempa mgongo. Hata hivyo, kila Bulugu aliposhuka, Pancras alisimama mlangoni akimtazama bila kupepesa, kama kazi ilivyotaka. Gesi ile haina harufu, ikivuja hutuama chini kama maji, na mtu huzirai akidhani yu mzima.

Alfajiri tumbo la kompresa likawa na joto la kikombe cha uji. Bulugu akarudisha fyuzi, akafungua maji, akawasha. Kwenye kioo kidogo ubavuni mwa mtambo mafuta yakapanda maangavu, bila povu. Hakuna aliyeshangilia. Saa tano asubuhi bohari lilikuwa na baridi ya kutosha, na nyama iliyosalia ikaingizwa.

Wiki iliyofuata wakaja maofisa wawili kuuliza. Wakamwita Pancras peke yake, wakamweka karibu saa nzima. Alipotoka, akaketi kando ya Bulugu kwenye gogo.

"Wameniuliza kama mafuta yalikuwa baridi kweli, au ulikuwa uvivu."

"Ukasemaje?"

"Niliyashika kwa mkono wangu. Ningesemaje? Lakini bado nimekukasirikia."

"Najua."

Haikuja barua ya adhabu, wala ya shukrani. Philbert akarudi mwezi wa Agosti, amekonda, anacheka kwa shida. Siku moja Bulugu akamvuta pembeni, akamweleza habari ya ng'ombe wale wanne, akamuuliza kama katikati ya Februari walikosa nyama.

Philbert akafikiri sana. "Februari? Kaka, kuna siku tulikula na kuna siku hatukula. Sikumbuki ipi ni ipi."

Bulugu akashukuru, akaenda zake. Alikuwa ametumaini kusikia ndiyo au hapana, lolote kati ya hayo, na kwa muda mrefu njiani alitembea polepole akijiuliza ni lipi lingemrahisishia usingizi.