Vyumba Vitatu vya Agripina

Agripina alipomwona Olimpia wa ofisi ya kijiji akifungua geti, kompyuta ndogo kwapani, alitoka jikoni mbio na kuufunga mlango nyuma yake mtu asije akachungulia. Kitanda chake kilikuwa humo, kando ya jiko la matofali. Tangu gesi ya kupasha nyumba joto ipande bei, vyumba vingine vitatu alikuwa amevifunga na hakuna aliyejua, hata binti yake Rodica, aliyekuwa akitunza wazee ughaibuni, huko Padova.

"Karibu sebuleni," alisema, kwa kuwa mgeni hapokelewi kwingine.

Sebule ilikuwa na mazulia mpaka ukutani, mito aliyokuja nayo alipoolewa imepangwa hadi karibu na dari, na baridi ya kugandisha mate.

"Vua koti, mwanangu. Kwangu mgeni hakai na koti kama yuko stesheni."

Olimpia alivua. Agripina naye, asije akaonekana ana jambo, akavua sweta. Wakakaa wakitazamana, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa birika.

"Shangazi, sitazunguka, nina watoto watatu wananingoja. Wiki iliyopita nilikupigia simu kuhusu msaada wa serikali wa bili za gesi msimu wa baridi. Ukanijibu unapasha moto nyumba nzima, hujafunga chumba hata kimoja, na Rodica anatuma pesa kila mwezi. Basi umewekwa kundi la mwisho. Wewe ni tajiri. Hupati kitu."

"Kama ni tajiri, ni tajiri."

"Mtaa huu wote matajiri! Nyumba kumi na moja, hakuna aliyefunga chumba. Hata Chisinau, mji mkuu, hawajaota utajiri huo. Na usajili unafungwa kesho jioni."

Agripina alimsogezea kibakuli cha jamu ya matunda ya mjozi, na kijiko. "Kula."

"Imeganda, shangazi."

"Ni nzito. Mimi huipika nzito."

Olimpia alikirudisha kijiko mezani. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. "Tutakaa hapa mpaka mmoja wetu apate kichomi. Nakwambia mapema, mimi ndiye kijana."

"Unataka niseme nini?" Agripina alifoka. "Kwamba nalala jikoni kama paka? Vasilisa wa hapo ng'ambo ya barabara atalifikisha kisimani kabla hujapanda baiskeli yako! Kwetu sadaka hutolewa kwa ajili ya marehemu. Mimi bado napumua."

"Naona. Tena naona kwa macho."

Agripina nusura acheke, akajikaza.

"Mficha uchi hazai," Olimpia aliendelea. "Fomu ya kwanza kijiji kizima ni yangu. Mimi na diploma yangu, na watoto watatu, tunalala chumba kimoja. Nimeandika hivyo hivyo na jina langu chini. Halafu nani kakwambia hii ni sadaka? Ng'ombe wa shamba la umma uliwakamua miaka mingapi?"

"Thelathini na moja." Mgongo wa Agripina ulinyooka wenyewe. "Ng'ombe kumi na wanane, alfajiri na jioni, kwa mikono hii, kabla mashine hazijaja. Nilipewa nishani."

"Na maziwa yalikwenda wapi?"

"Mjini. Mashuleni, hospitalini, kwa wakubwa."

"Basi wakubwa wanakurudishia glasi moja. Utaikataa?"

Agripina alikumbuka Januari zile, ndoo zimeshikana na barafu, joto pekee duniani likiwa kwenye kiwele cha ng'ombe. Wakati huo hakuna aliyemwona ombaomba. Alikuwa akienda kazini gizani, kilemba chake kimefungwa vizuri, na lori la maziwa halikuondoka bila ndoo zake hata siku moja. Leo ndiyo aone haya?

Akavaa sweta lake.

"Vaa koti, usije ukanifia hapa. Andika. Vyumba vitatu nimevifunga, mimi mwenyewe. Nalala jikoni. Rodica alituma mara ya mwisho Pasaka, na mtu asimsumbue, naye ana kodi ya nyumba. Andika na nishani."

"Nishani haina nafasi kwenye fomu."

"Itafutie."

Kisha akafunga kilemba chake cha maua, kile cha kanisani, akatoka. Olimpia alimkimbilia nyuma huku akifunga vifungo vya koti.

"Vasilisa!" Agripina alianza kuita akiwa bado katikati ya barabara. "We Vasilisa! Njoo urekebishe fomu yako!"

Vasilisa alitokeza kichwa juu ya uzio. "Una wazimu? Unataka kijiji kizima kisikie?"

"Kisikie! Mimi Agripina nimefunga vyumba vitatu na nimeandikisha. Wewe uliyelima tumbaku hadi vidole vikawa vyeusi, unamwonea haya nani?"

Mlango wa jirani ulifunguka, na wa pili yake. Watu walikuwa wanasikia, kweli. Vasilisa aliwatazama, akamtazama Agripina aliyesimama kifua mbele kwenye theluji, kisha akaja mpaka getini.

"Vitatu?" alisema. "Vitatu tu, na kelele zote hizo? Mimi nimefunga vinne."

"Nyumba yako haina vyumba vitano!"

"Nahesabu na ukumbi."

"Ukumbi si chumba. Olimpia, usimwandikie ukumbi."

"Andika, mwanangu, asikutishe huyo!"

Olimpia alikwisha kuifungua kompyuta juu ya nguzo ya geti, akiandika kwa vidole vilivyokufa ganzi, na jirani wa tatu alikuwa tayari amejipanga nyuma ya Vasilisa.