Kilio Alichonyimwa Aselefech

Nimechoka, na kisa hiki nakisimulia hivyo hivyo, kwa uchovu wangu. Miaka ishirini na sita ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Dessie, Ethiopia, na kinachonichosha kuliko damu na matapishi ni jamaa za wagonjwa. Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya. Anaambiwa atapona hata jeneza likiwa limeshapigwa misumari.

Aselefech alikuwa na saratani ya kizazi iliyomla hadi mgongoni. Mwanawe wa pekee, Getinet, alikuwa dereva wa lori barabara ya Djibouti. Lori likapinduka, akafa, akazikwa, ukoo mzima ukamlilia nyumbani, na mama mtu yuko kitandani hajui lolote. Demelash, mdogo wake Aselefech, akanivuta pembeni kunisihi nisifungue mdomo, maana habari ile ingemuua. Nikamwambia saratani haikuomba msaada. Lakini nilikubali. Na mama alipouliza, nikaongeza chumvi yangu: Getinet amepiga simu, gari limemharibikia njiani, mji wa Semera, anangoja kipuri.

Hapo ndipo nilipojichongea. Aliposikia mwana yuko njiani, akaikataa mofini, dawa ya kutuliza maumivu. Ilimpa usingizi, naye hakutaka Getinet aje amkute amelala. Akawa anauma pindo la shuka kutwa kucha, jasho likimtiririka, na kila akiniona anauliza kama kipuri kimefika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari Nahom, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, alisema mgonjwa ana haki ya kujua. Nikamuuliza kama ataipeleka yeye hiyo haki kitandani. Akaenda kumpima mgonjwa wa kitanda cha pili.

Demelash akaja na lake: nimtilie dawa kwenye chai bila kumwambia. Sitaficha, niliipima dawa nikaitia kwenye chai. Nikasimama na kikombe mlangoni nikimsikia anavyoguna, nikashindwa kuingia, maana huyu mtu alikuwa ameniambia hapana kwa kinywa chake, na alikuwa na akili zake timamu. Nikaimwaga. Nikamwambia Demelash basi, yatosha, mleteeni msiba wake kwa desturi.

Kwa desturi yetu mfiwa huambiwa alfajiri, na watu wengi kwa pamoja. Wakaja jamaa sita, Demelash akiwemo, kabla jua halijatoka, mlinzi akawazuia getini, nikashuka mwenyewe kuwafungulia. Walipofika kitandani wakasimama tu, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Nikasema mimi.

"Getinet amefariki, mama. Hakuna gari lililoharibika. Niliyekudanganya ni mimi."

"Lini?"

"Leo siku ya ishirini na moja."

Nikamimina dawa upesi, nikidhani sasa hana tena wa kumngoja, atakunywa apumzike. Akausukuma mkono wangu.

"Ondoa. Ninyi mmeshamlilia mkamaliza, mkanawa mkala. Mimi sijaanza. Unataka nilale?"

Akataka ainuliwe. Demelash akamshika mgongo, naye akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kumlilia mwanawe. Akamtaja kwa jina, akasema alivyozaliwa akitanguliza miguu, alivyokuwa mwoga wa mbwa, na koti ambalo mwana alimnunulia yeye mamaye, mikono ikamzidi urefu. Kila alipovuta pumzi niliona maumivu yakimkata, na hakunyamaza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani, wasiomjua hata huyo Getinet, wakalia naye. Nahom akaja mbio kutaka wodi itulie. Nikamwambia akae chini, akakaa.

Na mimi nililia, lakini kwa aibu. Nilikuwa nimemwonea huruma kwa maumivu aliyoyakubali kwa hiari yake, kumbe maumivu yaliyokuwa haki yake ndiyo niliyomficha.

Saa tano asubuhi sauti ilimwishia. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa kikombe. Nikapiga magoti, mimi mtu mzima, mbele ya wodi nzima, nikamwomba msamaha. Akanywa dawa yote, akanirudishia kikombe, akamwambia Demelash, si mimi, amgeuze upande wa ukutani.