K Iliyolala

Mwalimu Mgeni alikuwa ametimiza miaka kumi na minne katika nchi ile, na bado watu walimwita Mgeni. Hakuchukia. Duniani alichukia vitu viwili tu: kura iliyoibwa na herufi K iliyolala.

Cha kwanza kilianza mwezi uliopita. Watu walipanga foleni tangu alfajiri wakapiga kura zao, na jioni redio ikatangaza mshindi kabla masanduku ya mtaa hayajafunguliwa. Jamani, hata mwizi wa kuku husubiri wenye nyumba walale! Tangu siku hiyo watu wakawa wanasimama kila asubuhi kwenye mzunguko wa barabara mbele ya shule, mabango mikononi, na Mgeni anasimama nao, shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni.

Mkuu wa shule alimwonya mara tatu. "Mwalimu, kibali chako cha kuishi nchini kinaisha Ijumaa. Ya nini kujitafutia makubwa?"

"Mkuu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mgeni alimjibu. "Nimelima miaka kumi na minne. Leo niambiwe shamba halinihusu?"

Cha pili kilikuwa cha Mama Mapacha. Shule yenyewe ilikuwa ya watu wazima: wanafunzi arobaini na mmoja, mafundi cherehani, walinzi, wauza mboga, waliokuja saa nane mchana wakitoka kazini ili wajue kusoma na kuandika. Mama Mapacha alikuwa mjane, mfua nguo wa hospitali, na mapacha wake walikuwa na miaka sita. Aliingia darasani hajui hata kushika kalamu. Baada ya miaka miwili akawa anaandika bila kukosea neno, ila K yake, lo! Ililala kwa nyuma kama mtu aliyeshiba akaegemea ukuta. Kila zoezi Mgeni alimpa tisa kwa kumi.

"Inyanyue hiyo K, mama."

"Mwalimu, mimi nimechoka, nayo imechoka. Tuache tupumzike."

Darasa zima lilikuwa likicheka, na Mgeni akicheka nalo, lakini ile alama moja hakuitoa.

Basi, Jumatano mchana akaja afisa wa usalama na bango kwapani. Akalitupa juu ya meza ya walimu. Lilikuwa ubavu wa katoni ya sabuni, limeandikwa kwa rangi nyekundu: KURA ZETU ZIHESABIWE TENA. Lilikutwa limebandikwa kwenye lango la mkuu wa wilaya.

Mgeni hakuhitaji kusoma. Aliiona ile K tu, akamjua Mama Mapacha. Tena rangi na brashi alimpa yeye mwenyewe Jumatatu, kutoka kwenye kabati la darasa, na Jumanne akavirudisha.

"Huu ni mwandiko wa mwanafunzi wako," afisa alisema. "Unaijua miandiko yao yote. Nitajie jina, nikugongee kibali hapa hapa, miaka mitano." Kweli akatoa muhuri mfukoni. "Ukikataa, kibali hakuna. Unaondoka."

"Na aliyeandika?"

"Uchochezi. Miaka saba."

Mgeni akapiga hesabu: mapacha watakuwa na miaka kumi na mitatu. Kisha, tusidanganyane, akajifikiria na yeye. Aliogopa. Kule kwao hakuna aliyekuwa akimsubiri. Kila alichokuwa nacho kilikuwa hapa, na mkewe amezikwa hapa, makaburi ya nyuma ya hospitali. Kila Jumapili alikwenda kulifagia kaburi lake. Akiondoka leo hatamwona tena hata kwa udongo.

"Macho yangu mabovu," akasema. "Sioni."

Afisa akacheka. "Basi nitajionea mwenyewe."

Akaingia darasani kwa kishindo, mkuu wa shule nyuma yake akijifuta jasho.

"Karatasi na kalamu, wote! Na wewe mkuu, kaa uandike. Nitawasomea sentensi, muiandike kwa herufi kubwa. Mhalifu simtafuti mbali. Ni yule anayelaza K. Mnaiona?" Akalinyanyua bango juu ili hata wa nyuma waone. "K hii imelala. Atakayelaza K leo, nimempata."

Mgeni aliyekuwa mlangoni akamtazama kwa huruma. Hata mwalimu wa siku moja tu angemwambia: bwana, jibu halitangazwi kabla ya mtihani.

Mama Mapacha alikaa dawati la mbele.

"Kura zetu zihesabiwe tena," afisa akasoma.

Mzee mmoja, mlinzi wa benki, mwenye masikio yanayosikia panya akitembea, akainua mkono. "Samahani mkubwa, rudia. Sijapata vizuri."

"Kura zetu zihesabiwe tena!"

"Zifanywe nini, mkubwa?" akauliza fundi cherehani.

"Zihesabiwe! Mna nini nyie? Kura zetu zihesabiwe tena!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na madirisha yalikuwa wazi. Wapita njia wakasimama. Mmoja akampigia makofi. Afisa akageuka kutafuta nani, makofi yakanyamaza.

Akazikusanya karatasi. Ya kwanza, K imelala. Uso ukamng'aa. Ya pili, imelala. Ya tatu, ya nne, ya kumi, zote zimelala chali! Ya mlinzi imelala, ya fundi cherehani imelala. Ya mkuu wa shule, yule yule wa kuonya mara tatu, imelala kuliko zote, na mwenyewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Ya Mama Mapacha ilikuwa katikati ya zile nyingine, hakuna aliyeweza kuibagua.

"Nani amewafundisha kulaza K?" afisa alifoka. "Nani? Leo siondoki mikono mitupu. Nisipopata mtu mmoja, nawabeba wote!"

Mama Mapacha akaanza kuinuka. Mgeni akamuwahi. Akaenda ubaoni, akachukua chaki, akachora K kubwa toka juu hadi chini, imelala kwa raha zake.

"Mimi," akasema. "Mwandiko wa darasa hili ni wangu. Bango ni langu. Brashi iko kwenye kabati lile, fungua ujionee."

"Unajua unachosema?"

"Nasema kila siku pale barabarani. Ni wewe hukusikia."

Afisa hakuwa mjinga, alijua anadanganywa. Lakini ripoti ilitaka jina, na "mchochezi wa kigeni" ni jina ambalo wakubwa hulipenda mno. Akaurudisha muhuri mfukoni.

"Kesho saa tatu asubuhi gari litakufuata, likupeleke mpakani. Na takataka hizi zichomwe."

Mgeni hakuchoma kitu. Kazi ya mwanafunzi haichomwi, husahihishwa. Alikaa mezani mpaka jua likainama, kalamu nyekundu mkononi, akazimaliza zote arobaini na mbili.

Mama Mapacha akaja akilia. "Mwalimu, naenda kusema ukweli."

"Na wale watoto utamwachia nani?"

Akajifuta machozi. Kisha akasema, "Na mkeo? Nani atamfagilia?"

Hapo ndipo Mgeni alipolia. Alilia kama mtoto, miwani mkononi.

"Hilo niachie mimi," Mama Mapacha akasema. "Kila Jumapili, pamoja na mapacha."

Asubuhi gari likaja, afisa mbele, Mgeni nyuma na sanduku lake. Walipofika kwenye mzunguko, njia ilikuwa imejaa. Watu arobaini na mmoja na mkuu wao wa shule, kila mmoja na karatasi yake kifuani, KURA ZETU ZIHESABIWE TENA, na pembeni kwa wino mwekundu: kumi kwa kumi.

"Hukuzichoma," afisa alisema. "Na wote umewapa kumi?"

"Wamestahili."

Mama Mapacha akasogea mpaka dirishani. "Mwalimu! Nimepata kumi! Na K imelala!"

"Iache ilale, mama!" Mgeni akapaza sauti. "Nyie msilale!"

Dereva akapiga honi. Hakuna aliyesogea.