Kutunga Uzi Macho Yamefumbwa

Katika nyumba ile ya mafundi cherehani, mtoto wa kike alijifunza kutunga uzi sindanoni akiwa amefumba macho. Bibi alimfunza mama, mama akamfunza binti, na ole wake aliyechungulia. "Macho ya kwetu ni ya kuazima," bibi alikuwa akisema. "Mwenyewe atakuja kuyachukua. Vidole ndivyo vyako."

Kwa hiyo ukungu ulipomwingia Fundi machoni, mjane aliyebaki na binti yake mmoja, hakuna aliyejua. Alikata kwa kupapasa, akapinda mapindo, akatia vifungo mahali pake. Wateja wakazidi kumsifu.

"Fundi, una macho ya paka wewe!" alisema muuza mkaa alipokuja kuchukua suruali yake.

"Paka mzee, baba. Panya wanampitia wakimsalimia."

Wakacheka wote wawili. Uso wa mteja Fundi hakuuona hata kidogo. Alimjua kwa harufu ya vumbi la mkaa iliyomtangulia mlangoni.

Alijua kilichompata. Mtoto wa jicho. Mama yake alikuwa naye, mama yake mkubwa pia, wote wakaishia kukaa kwenye kiti kando ya mlango. Alikuwa amesikia kwamba hospitali wanamtoa, lakini kwao walishikilia kauli moja: cha damu hakitolewi kwa kisu, na kama ni lazima uende, basi usubiri aive kwanza. Akasubiri. Siku moja kichwa kikampasuka, jicho la kulia likawa jekundu, akatapika mpaka nyongo. Binti yake akamkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Maumivu yalipotulia akapiga magoti akamshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Kumbe lililokwisha ni jicho.

La kushoto lilipoanza vilevile, binti hakumsikiliza tena. Alimshika mkono wakaenda.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimulika, akamulika tena, kisha akaweka tochi chini.

"Mama, nani alikwambia usubiri?"

"Hakuna, daktari. Ni ya kwetu hii. Tumerithi."

"Ni kweli kuna cha kurithi. Ndani ya jicho mna lenzi, angavu kama ute wa yai bichi. Umri ukisonga, ute ule unaganda, unakuwa mweupe kama yai lililopata moto. Kila anayezeeka jambo hili linamfika kwa kiasi chake. Ila kuna vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayopewa na baba na mama. Si kimoja, ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo. Jua nalo linasukuma, moshi na sukari pia. Kwenye ukoo wenu vinasukuma mapema."

"Basi si ndiyo nasema? Damu."

"Damu imekuletea ukungu, mama. Giza hili hukuletewa na damu. Lenzi yenye ukungu tunaitoa, tunaweka nyingine, mtu anaona. Yako iliachwa mpaka ikavimba, ikaziba maji ya ndani ya jicho, presha ikapanda, ikaua mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani. Mshipa ule haushonwi."

Neno hilo la mwisho Fundi alilielewa kuliko mengine yote.

"Na mama yangu aliyekufa haoni, daktari?"

"Sikumpima, siwezi kusema. Lakini wengi walio kama yeye wakitolewa lenzi wanaona tena."

Fundi akamkumbuka marehemu kwenye kile kiti, akishika nguo za watu na kuuliza, hii ya rangi gani? Mpaka siku anakufa alikuwa akiuliza.

Walijaribu kuliokoa jicho la kushoto, kwa dawa na kwa kisu. Halikuokoka. Wodini alitaka kusali, akakuta hana neno la kuanzia.

Njia nzima ya kurudi aliwaza jambo moja tu: binti yake, aliyekwishaanza kuota mvi. Huyu asinipotee, Mungu wangu. Huyu tu.

Kesho yake asubuhi cherehani ilikuwa ikilia, halafu ikanyamaza. Uzi umekatika. Akasikia binti akiulowesha mdomoni. Fundi akainuka, akafuata ukingo wa meza, akampapasa usoni. Vidole vikakuta kope zimeshikana.

"Fumbua."

"Nimezoea, mama."

"Fumbua nimesema! Unaona nini?"

Binti akafumbua. "Moshi. Nikifumba natunga mara moja."

"Tangu lini?"

"Achana nayo."

"Leo hii tunakwenda. Lako linatibika, mwanangu. Ulimsikia daktari kwa masikio yako."

"Nilimsikia. Na wewe ulikwenda ukiona mwanga wa dirisha, ukarudi huuoni."

"Ni mimi niliyechelewa! Hospitali haina kosa!"

"Sijakulaumu, mama, wala siwalaumu wao." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Fundi. "Ni ya kwetu. Si ulinifunza mwenyewe? Kaa, usije ukajikwaa."

Akamshika mama yake begani, akampeleka mpaka kwenye kiti kando ya mlango, akamkalisha. Nyuma yake cherehani ikaanza tena, ikaenda moja kwa moja, bila kukosea hata mahali pamoja.