Fomu Mbili za Mguu Mmoja

Miaka sita nimekaa masijala, natafuta mafaili ambayo wenye miguu miwili hawayaoni, na bado ni kibarua. Mkataba wa miezi mitatu, ukiisha napewa mwingine. Kwa hiyo Mkuu wa Utumishi aliponiita na kusema kila idara sasa lazima iwe na asilimia tano ya wafanyakazi wenye ulemavu, moyo ulinidunda.

"Dada, nafasi ya kudumu ni yako hii," alisema, akiyatazama magongo yangu kwa upendo ambao sijawahi kuupata hata kwa mchumba.

Nikamwambia mama. Heri ningenyamaza, maana kabla sijavua kiatu majirani wote walishajua bintiye ameajiriwa.

Fomu zilikuwa mbili. Ya kwanza, daktari athibitishe kwamba mimi ni mlemavu. Ya pili, ile ya kila mwajiriwa mpya, daktari huyohuyo athibitishe kwamba nina viungo vyote kamili. Nikawa kiguu na njia hospitalini, na mguu wenyewe mmoja. Daktari alizisoma mara mbili, akavua miwani.

"Sasa unataka nidanganye kwenye ipi?"

"Sema kweli kwenye zote."

Akaandika: hana mguu wa kushoto, kazi ya masijala anaimudu vizuri.

Mkuu alinirudishia fomu ya pili. "Kwenye viungo kamili pameandikwa hapana. Utaratibu hauruhusu."

"Lakini nafasi si ya walemavu?"

"Ndiyo. Walemavu wenye viungo kamili." Alisema hivyo mkavu, hana hata haya. Akaniambia nivute subira, wakubwa wameandikiwa. Wakubwa waliandikiwa weee, mpaka mkataba wangu ukaisha siku ya Ijumaa na haukuongezwa.

Kazi yangu ya mwisho Ijumaa hiyo ilikuwa kuifungulia faili ripoti ya lengo la ulemavu. Umbea wangu ukanizidi, nikaisoma. Ukurasa wa tatu: lengo limefikiwa na kupitwa. Wa kwanza kwenye orodha ni mimi, mwajiriwa wa kudumu, masijala. Walionifuata walikuwa wavaa miwani, halafu Mkuu mwenyewe na goti lake linalomuuma siku za baridi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, kwa sababu mama anajua nimeajiriwa, na sasa hata serikali inajua.

Jumatatu asubuhi nikiwa nafua, simu ikalia. Mkuu alikuwa ananong'ona.

"Dada, uko wapi? Wakaguzi wamefika, wanataka kukuona mezani kwako. Njoo basi, hata nusu saa tu. Nakutumia gari."

Gari. Miaka sita napanda zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwa magongo, kumbe gari lina nafasi.

Nililikamua shati, nikalianika, ndipo nikamjibu.

"Mbona niko kazini, Mkuu? Angalia ukurasa wa tatu."