Gotjawal kwa Kiswahili

Zuhura alikuwa na majibu mawili ya kutoa kabla ya adhuhuri.

La kwanza lilikuwa la kaka yake, Mwadini, aliyepiga simu alfajiri kutoka Makunduchi. Kuna mtu wa hoteli anakitaka kiwanja cha mama yao. Mama atatia saini leo mchana na kuhamia Dar es Salaam. Anangoja tu kusikia kwamba binti yake ameridhika. "Mawe matupu yale," Mwadini alisema, na Zuhura hakubisha.

La pili lilikuwa la kazini, kwenye studio ya hapo Randburg, wanapoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kikorea. Yeye ndiye mfasiri. Katika sehemu ya leo bibi kizee anagombana na mwanawe anayetaka kumpeleka mjini, naye anasema haiachi gotjawal yake. Maelezo pembeni yalisema ni neno la kisiwa cha Jeju: msitu mnene, wenye miiba, uliojiotea juu ya mawe ya volkano, usiolimika.

Zuhura aliandika "pori", akaona kazi imekwisha.

Masika, mama wa Butembo aliyekuwa akiigiza sauti ya bibi, alivua miwani. "Dada Zuhura, pori hapana. Muntu wa kwetu akisikia pori, anawaza waasi, anafunga mulango."

"Basi msitu."

"Musitu bila mawe? Huyu bibi analilia mawe yake! Kule kwenu kisiwani hakuna pahali pa namna hiyo?"

Pahali hapo palikuwapo, tena nyuma ya jiko la mama yake. "Maweni," Zuhura akasema polepole. Tangu ahamie huku ugenini, Bellevue, hakuwa amelitamka neno hilo.

Mansour, fundi sauti, mtoto wa Tanga, akaangua kicheko. "Eish, dada! Kwetu Maweni ni gereza. Bibi wa watu analilia kurudi jela?"

Zuhura alipandwa na hasira hata akajishangaa. Akawaeleza juu ya miti inayoota juu ya jiwe, mizizi ikipenya kwenye nyufa kutafuta maji. Mama yake alichuma dawa humo, akakata kuni humo, na baba alipokufa, kuni na dawa za maweni alizouza ndizo zilizowaweka mjini Zuhura na Mwadini wakasoma. "Hapalimiki," alisema, "lakini pametulea."

Mansour akakuna kichwa. "Yaishe, dada. Twende na maweni."

Taa nyekundu ikawaka, Masika akasogelea maikrofoni. "Mwanangu, unayaita mawe matupu kwa sababu ulikula ukashiba, hukuuliza chakula kimepikwa kwa kuni za wapi. Maweni yangu siyaachi."

Sentensi hiyo Zuhura aliifasiri jana huku akitafuna karanga. Sasa ilimchoma. Akatoka hadi kwenye ngazi, akampigia Mwadini.

"Kaka, mimi sijaridhika."

"Umechelewa kujua," Mwadini akafoka. "Mama alikuwa hataki katakata. Amekubali kwa ajili yako. Idi iliyopita ulimwambia anang'ang'ania mawe matupu, akalia siku mbili. Mimi hilo neno nimeliokota kwako."

Zuhura akakaa chini, palepale kwenye ngazi. "Mpe mama simu."

"Ehe, mwanangu," sauti ya mama ikasema. "Haya, nakusikia."

"Mama, nilisema vibaya. Nilikukosea. Usitie saini."

Upande wa pili mama alimwita Mwadini asogee.

"Basi sitii saini. Mwambie wewe kaka yako," mama akasema. "Mimi hanisikii." Akamrudishia Mwadini simu.