Soma Zaidi

Kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, tarishi wa gazeti alileta karatasi moja, na mhakiki akaisoma kwenye kiti chake karibu na simu. Karatasi hiyo, kwa kadiri alivyojua yeye, ndiyo jarida lenyewe. Vijana fulani walikuwa wameanzisha jarida la utamaduni lisilochapwa wala kuuzwa, linalokaa ndani ya mtandao, na gazetini kulikuwa na kompyuta moja tu yenye mtandao. Karani aliuchapa ukurasa wa mbele na kumpelekea mzee nyumbani. Mzee alikuwa amehakiki vitabu, ngoma na michezo ya kuigiza tangu ana nywele nyeusi, na hakuona sababu ya kushughulika na mashine.

Makala zilikuwa za mistari miwili miwili. Chini ya kila moja palikuwa na maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari: soma zaidi.

"Hawana haya hawa," alimwambia mkewe. "Wananiambia nisome zaidi, na hiyo zaidi yenyewe hawajaiandika."

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa jikoni, pembeni ya kabati la vyombo. Alimsikia mumewe akimsomea karani uhakiki kwa simu, pamoja na vituo vyake. "Mwandishi wa muziki ameanza kwa mbwembwe koma lakini ameishiwa na pumzi mstari wa pili nukta." Uhakiki ulitoka Ijumaa, watu wakaucheka kwenye ofisi na vibaraza. Wengi wao hawakuwa wameliona jarida. Mzee akishasema, nani tena ahangaike?

Jumamosi yake mwandishi wa muziki aliingia dukani akasema, "Naomba nusu kilo ya," akakwama hapo. Muuzaji alimpimia sukari. Saa hiyohiyo mshonaji alisikia sauti ya kiume ikitoka kabatini, nyuma ya sahani: "maharage, yale madogo." Akainua mguu kwenye cherehani, akasikiliza, kisha akaendelea na pindo.

Ikawa ndiyo hali. Kila aliyehakikiwa alibaki na mwanzo wa sentensi zake, na miisho ikahamia kwenye kabati la mshonaji. "Ndiyo maana sikuja kwenye harusi yenu." "Ufunguo nimeuacha kwa jirani." Mwingine alikuwa akiomba radhi, lakini hakuna aliyejua anamwomba nani. Mshonaji aliwahurumia. Mumewe alisikia pia, akamwomba afunge mlango wa kabati wakati yeye anafanya kazi.

Siku moja mhariri wa jarida alikuja mwenyewe, kijana aliyepiga pasi shati lake kwa heshima ya safari.

"Shikamoo mzee. Tumekuja kukuomba," alisema, akakwama hapo.

"Usome ndani, kuna kurasa nyingine," likamalizia kabati jikoni.

"Marahaba," alisema mhakiki. Kijana alipokwisha kwenda, alimgeukia mkewe. "Umeona? Hata kuongea wanaishia njiani."

Mshonaji angecheka, lakini alikuwa na jambo moyoni. Binti yao wa pekee, aliyepanga chumba upande wa pili wa mji, alikuwa akiandika humo kwa jina la Sisimizi. Ni jina alilopewa na bibi yake utotoni kwa kubeba punje za sukari kiganjani. Baba mtu hakulijua, maana miaka ile alikuwa harudi nyumbani ila usiku. Binti alimwapisha mama yake asiseme. Alitaka asifiwe kwanza na mhakiki, ndipo ajitambulishe kwa baba.

Ijumaa moja gazeti likasema Sisimizi ana kipaji, ila ni mvivu, hafiki anakokwenda. Kesho yake binti alipiga simu. "Mama, Jumapili nakuja na," akasema. Kabati likamalizia kwa sauti yake, "mwenzangu mmoja, umwambie baba asinune."

Mshonaji akavunja kiapo.

"Sisimizi ni mwanao," alimwambia mumewe. "Na hayo maneno ya buluu yanabonyezwa, mzee. Kuna makala nzima nyuma yake. Nenda ofisini ukaisome, kisha uandike upya. Mtoto hawezi kumaliza sentensi."

Mhakiki aliikunja karatasi mara mbili. Alimpenda binti yake, hilo halina ubishi.

"Karatasi haibonyezwi," alisema. "Na kama ni mwanangu, ndiyo kabisa siwezi kuandika upya. Watasema ninampendelea."

Jumatano iliyofuata binti alikanyaga msumari. Alimpigia mama yake kumwambia anakwenda, na kabati likasema zahanati ya sokoni. Mshonaji akarudi kwenye kazi yake, na mhakiki akachukua simu kumsomea karani. Hawakuwa wamefika hata nusu ya uhakiki kabati liliposema, kwa sauti ya binti, haraka haraka: "penisilini, daktari, inanidhuru, niliwahi kuchomwa utotoni nusura nife."

Mshonaji aliikumbuka siku ile ya utotoni. Alikwenda sebuleni akanyoosha mkono. "Nipe simu, mzee. Niipigie zahanati."

Mhakiki aliinua kidole kimoja. "Ngoja kidogo," alisema. "Sijafika nukta."

Katika maisha yao yote mshonaji hakuwahi kumkata mumewe kauli. Alisimama pale akangoja. Sentensi ilikuwa ndefu, kama sentensi zake zote zilizompatia sifa. Alipoona koma zinazidi, akatoka mbio hivyohivyo, tondoo ya kushonea kidoleni. Alipofika zahanati, muuguzi alikuwa anaosha sinia ya sindano, na daktari alikuwa amekwisha kufunika kitanda.

Walimzika kesho yake. Wiki iliyofuata tarishi alileta karatasi kama kawaida, akatoa pole, akaondoka. Juu kabisa palikuwa na mistari miwili: Mwenzetu Sisimizi ametutoka. Tulimpenda kwa sababu. Chini yake, kwa buluu: soma zaidi.

Mhakiki aliweka kidole juu ya maneno yale akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja. Halafu akanyanyua simu.

Jikoni kabati lilianza kusema, safari hii kwa sauti ya mhariri, na halikuwa tena na vipande. Ilikuwa tanzia nzima, tangu sukari ya kiganjani, aya baada ya aya. Mshonaji alifungua milango yote miwili, akavuta kigoda.

"Funga hilo kabati, mama," mhakiki aliita. "Niko kazini."

Hakufunga. Mhakiki akapandisha sauti kidogo ili karani amsikie. "Hata tanzia koma," alisema, "wameshindwa kuimaliza nukta."